"Mzee wangu, mbona sikukugusa?" Hesabu ya nafasi kati ya gari na baiskeli

Jumatatu moja asubuhi, kwenye kilima cha barabara ya Goba, Dar es Salaam, daladala aina ya Coaster ilinipita karibu mno hata nikaona vumbi lililoganda kwenye ukingo wa kioo chake cha pembeni. Kioo kilipita usawa wa sikio langu la kulia. Honi na upepo wa gari vilinifikia pamoja, na kabla sijaamua lolote ubavu mzima ulikuwa umeshapita, kondakta akining'inia mlangoni na kunipungia mkono niende pembeni. Pembeni hapakuwepo. Tairi langu lilikuwa shubiri moja kutoka mwisho wa lami. Baada ya lami mvua ilikuwa imechimba udongo ukashuka kina cha kiganja, kisha ukaja mtaro wa zege usio na mfuniko.

Nilimkuta dereva kituoni, kama mita 200 mbele, akishusha abiria. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikazunguka hadi dirishani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, umenipita vibaya pale kilimani."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila jeuri yoyote. "Mzee wangu, mbona sikukugusa?"

Swali lile halijanitoka kichwani. Hakuwa akinikejeli. Kwake yeye, kumpita mtu salama maana yake ni kutomgusa, na kweli hakunigusa. Naendesha baiskeli kwenda kazini mwaka wa 11 sasa, na nimegundua kwamba karibu kila ugomvi wa dereva na mwendesha baiskeli unazunguka hapo: mmoja anauliza kama gari litatosha kwenye pengo, mwingine anauliza amebakiziwa nini. Ni maswali mawili tofauti, na majibu yake hayalingani.

Nafasi ile ni ya nini

Baiskeli haisimami yenyewe. Inasimama kwa sababu anayeiendesha hachoki kuurekebisha usukani. Ikianza kulalia kushoto, anaupeleka usukani kushoto kidogo ili magurudumu yarudi chini ya mwili wake. Ikilalia kulia, hivyo hivyo. Mwili unaifanya kazi hiyo bila kumwuliza mwenyewe, ndiyo maana aliyezoea haioni. Lakini tazama alama ya tairi la baiskeli kwenye udongo laini baada ya mvua. Haijanyooka hata mara moja, ni njia ya nyoka. Kwenye tambarare, mtu akiwa na mwendo mzuri, nyoka huyo ni mwembamba. Kwenye kilima mwendo unashuka, nyoka anatanuka. Mtu akisimama juu ya pedali ndiyo kabisa, baiskeli inalala huku na huku kila anapokanyaga. Kisha mfikirie muuza mkaa mwenye magunia mawili kwenye keria. Yule si mwembamba kama baiskeli tupu, na akianza kuyumba hawezi kujirudi haraka kama wewe na mimi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni barabara yenyewe. Dereva hupita juu ya mfuniko wa chemba, mchanga uliomwagika, kokoto au dimbwi na asikumbuke kwamba amepita kitu. Kwa tairi la baiskeli kila kimoja ni jambo la kuamua, na uamuzi huo unadai sentimita 30 au 40 za ghafla upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto ni mtaro. Na takataka zote za barabara hukusanyika pembeni: vioo vilivyovunjika, misumari, mchanga ulioletwa na maji, lami iliyomegeka. Mahali tunapoambiwa tukae ndipo barabara ilipo mbovu kuliko kwingine kote.

La tatu linawashangaza wengi. Ukiwa juu ya baiskeli na ukageuza shingo kutazama nyuma upande wa kulia, bega hufuata shingo, na usukani hufuata bega. Kwa hiyo ule wakati mtu anapoangalia kama kuna gari, ndio wakati anaposogea kuelekea gari hilo. Aliyefundishwa vizuri hujizuia. Mtoto wa shule aliyepakia mdogo wake nyuma hajui hata kama kuna cha kujizuia.

Halafu kuna upepo. Lori kubwa linasukuma hewa mbele yake. Linapokufikia, hewa hiyo inakupiga na kukupeleka nje, kuelekea mtaroni, nawe bila kufikiri unaegemea kulia ili usianguke. Pua ya lori ikishapita, msukumo unageuka kuwa mvuto, na wewe bado umeegemea kulekule unakovutwa. Kwa semi-trela jambo hili ni baya zaidi, maana magurudumu ya tela yanakuwa bado hayajakufikia. Niliwahi kuvutwa hivyo kwenye barabara ya Morogoro, maeneo ya Kibaha. Lori halikunigusa, tena dereva yule angeweza kuapa kwamba aliniachia nafasi, na angekuwa mkweli. Nafasi aliyoniachia ingetosha kwa mtu aliyesimama tuli.

Ndiyo maana mita ile ile moja haina thamani ile ile kila mahali. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa halibebi kishindo mara mbili ya lile linalokwenda 30. Linabeba mara nne. Mita 1 kwa gari linalotambaa kwenye foleni inatosha kuamkiana. Mita 1 kwa basi la mikoani lenye haraka ni ndogo mno.

Tepu ya fundi

Yule dereva wa Coaster nilizoeana naye. Kila nikipita kituoni ananisalimia, na Jumapili moja, gari likiwa linaoshwa, nilikwenda na tepu ya fundi ujenzi na chaki ya shuleni. Nilitaka tuache kubishana kwa maneno.

Tulipima kwanza Coaster: mita 2 na sentimita chache, vioo vya pembeni bado havijahesabiwa. Tukapima usukani wa baiskeli yangu: sentimita 60. Kisha tukachora barabara kwenye sakafu ya zege pale pa kuoshea magari. Njia moja ya barabara kama ile ya kwetu huwa na upana wa kati ya mita 3 na 3.5, kwa hiyo tukachora 3.25. Tairi langu nililiweka nusu mita kutoka ukingo wa lami, umbali ambao mtu mwenye akili timamu hupaswa kuuacha ili asiingie kwenye lami iliyomegeka. Nusu ya usukani inaongeza sentimita 30 upande wa kulia. Hapo nimeshatumia sentimita 80 za njia. Ongeza mita 1 ya nafasi, unafika mita 1.8. Ongeza Coaster ya mita 2, unafika 3.8.

Njia ina 3.25.

Dereva alirudia kupima mwenyewe. Alidhani nimekosea chaki. Coaster inayompita mwendesha baiskeli kwa mita 1 lazima ivuke mstari wa katikati zaidi ya nusu mita, na hata ungeipa njia ya mita 3.5 bado ingevuka kwa sentimita 30. Gari dogo lenye upana wa mita 1.7 linajaza ile njia ya 3.5 yote, bila kubakiza chochote. Kwa barabara ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, hakuna namna ya kumpita mtu wa baiskeli salama ndani ya njia hiyo hiyo. Ama upande wa pili uko wazi na unahama, ama hauko wazi na unasubiri nyuma yake. Kile tunachokiona kila siku, gari kupenyeza kati ya baiskeli na gari linalokuja mbele, ni kujaribu kupata nafasi ya tatu ambayo barabara haina. Inayopunguzwa siku zote ni ya mwenye baiskeli.

Nikamwomba apande kwenye kiti chake nami nisimame na baiskeli upande wa kushoto wa gari. Sisi huku tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia, kwa hiyo mwenye baiskeli huwa upande wa mbali na dereva, upande wa abiria. Nilipokuwa sambamba na kiti cha mbele, aliona kichwa changu tu; mlango uliificha baiskeli yote. Niliporudi usawa wa mlango wa abiria alinipoteza kabisa mpaka aangalie kwenye kioo. Na kioo chenyewe kimebinuka ili kionyeshe eneo kubwa, na kioo kilichobinuka hufanya vitu vionekane vidogo na mbali kuliko vilivyo. Kwa hiyo dereva anayekupita karibu mno mara nyingi anaamini kabisa kwamba amekuachia.

Anayeona ukweli ni kondakta. Yeye ndiye aliye mlangoni, upande ule ule, mita moja kutoka kwenye bega langu. Anapiga bodi mara mbili abiria akishapanda, anapiga kuashiria kurudi nyuma, anapiga kuzuia. Sijawahi kusikia akipiga kwa ajili ya baiskeli. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo nayo ni kazi yake.

Kwa nini hawasubiri

Tukiacha macho, kuna mfuko. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu na tajiri kila jioni, jam iwepo isiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake na kondakta wake. Daladala iliyo nyuma yake inawania abiria wale wale wa kituo kinachofuata. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asubiri nyuma ya baiskeli kilimani, anasikia kwamba unamwambia apoteze pesa.

Lakini apoteze kiasi gani? Tulilipiga hesabu hilo nalo pale pale kwa chaki. Tuseme gari lilikuwa linakwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha maeneo ya makazi kwenye Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Linapunguza hadi 15, mwendo wangu, kwa sekunde 6 hivi mpaka gari la mbele lipite. Katika sekunde 6 hizo linakwenda mita 25, mwendo ambao kwa 50 lingeumaliza kwa sekunde kama 2. Limepoteza sekunde 4 na ushee, ongeza mbili tatu za kupunguza na kukanyaga mafuta tena. Kituo kinachofuata atasimama dakika nzima akiita abiria. Sisemi hivyo kumlaumu. Ukiwa nyuma ya usukani, na watu 30 mgongoni, sekunde 6 huonekana kama dakika. Mimi mwenyewe nina leseni ya gari na nimewahi kukaa nyuma ya baiskeli nikihisi hivyo hivyo.

Kuna jingine ambalo ni zito kulisema. Baiskeli kwetu imehesabiwa kuwa chombo cha asiye na uwezo. Mwenye gari anapewa njia, mwenye pikipiki anajipatia, wa baiskeli anapigiwa honi. Wapo wasiotuona kwa sababu ya kioo kilichobinuka, na wapo wanaotuona vizuri na bado wakaona hapa ni mahali pao. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Ni wale wasiokuwa na bati la kuwakinga.

Wanaopita karibu kwa makusudi, ili kukufundisha adabu, wapo, na hiyo haina uhusiano na umaskini wa mtu wala nchi. Chris Froome, mwanamichezo wa baiskeli aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, Kenya, kabla ya kushinda mbio za Tour de France mara 4, alieleza mwezi Mei 2017 kwamba dereva aliyekosa subira huko Ufaransa alimfuata hadi juu ya njia ya waenda kwa miguu na kumgonga makusudi. Yeye alipona, baiskeli iliharibika kabisa, dereva akaondoka. Lakini kwa miaka yote niliyoendesha, wa makusudi naweza kuwahesabu kwa vidole. Waliobaki ni wa "mbona sikukugusa".

Ukae wapi

Hapa ndipo ushauri unapogongana, na ndipo watu wanapoumia kwa kufuata nusu ya ushauri.

Ushauri wa wazee wetu ni kujibana pembeni kabisa. Una mantiki yake, lakini ile hesabu ya chaki inauvunja. Ukijibana kwenye mwisho wa lami, dereva anaona pengo linaloonekana kumtosha, na pengo linaloonekana kutosha hujaribiwa. Wewe nawe umebaki bila pa kukimbilia, maana kushoto kwako hakuna kitu.

Ushauri wa pili unasema jitokeze, ili uonekane. Nao ukiufuata nusunusu unakuumiza. Mtafiti Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kipimo cha umbali kwenye baiskeli yake na kupima magari zaidi ya 2,000 yaliyompita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wengi wanamkumbuka kwa lile la kofia ngumu: aligundua magari yalimkaribia kidogo zaidi alipoivaa, kwa wastani wa sentimita 8.5, na wataalamu wa takwimu wamebishana juu ya hilo hadi leo. Katika kazi hiyo hiyo aligongwa mara mbili, na basi na lori. Kwangu la maana zaidi ni jingine: kadiri alivyosogea mbali na ukingo, ndivyo nafasi aliyoachiwa ilivyopungua. Madereva walifuata mstari ule ule waliozoea, awe pembeni au amejitokeza. Kwa maneno mengine, ukisogea nusu mita kulia, dereva hasogei nusu mita. Umejipunguzia wewe.

Kwa hiyo kuna mahali pawili pa kukaa, na katikati yake ni pabaya. Pa kwanza ni karibu na ukingo lakini si juu yake: tairi nusu mita kutoka mwisho wa lami, mwendo ulionyooka, pa kukimbilia papo. Hapo ni pa barabara pana na magari yanayokwenda kasi kuliko wewe. Pa pili ni katikati ya njia, kama gari. Hapo dereva hawezi kujidanganya kwamba atapenya. Anajua lazima asubiri au ahame. Ni pa daraja jembamba, kona usiyoona mbele, mahali palipobomoka, karibu na makutano, na kwenye foleni ambako mwendo wako na wao ni mmoja. Kanuni za barabarani za Uingereza zilizorekebishwa Januari 2022 zinasema hivyo hivyo kwa uwazi, pamoja na ile nusu mita.

Kuhama kutoka pa kwanza kwenda pa pili ndiko kunakohitaji ustadi. Usichupe ukifika kwenye shimo. Lione mita 20 au 30 kabla, geuka utazame nyuma huku mkono wa kushoto umeshika usukani kwa nguvu, nyoosha mkono wa kulia, subiri dereva akuone, ndipo uhame taratibu. Macho yakikutana na ya dereva, nusu ya kazi imekwisha. Ukishavuka pale pembamba rudi kushoto, inua mkono kumshukuru. Nimefanya hivyo kwa miaka na sijaona dereva aliyekasirika baada ya kushukuriwa. Na ukiona magari matano yamejipanga nyuma yako kilimani, tafuta kituo au uchochoro usimame yapite. Hupotezi kitu.

Ila sitamshauri mtu yeyote akae katikati ya njia kwenye barabara kuu ambako malori na mabasi yanakwenda 80 au zaidi. Pale katikati ya njia panataka dereva aliye macho, na huwezi kujua nani amelala. Pale panda bega la barabara, na kama hakuna bega na unasikia mngurumo wa semi nyuma wakati jingine linakuja mbele, shuka utoke nje ya lami kabisa. Nimeshashuka mara nyingi na kusukuma. Nilifika.

Wako pia wanaoendesha upande wa kulia, wakielekeana na magari, kwa sababu wanataka kuyaona yanayokuja. Naielewa hofu hiyo. Ukiwa umepitwa karibu mara kadhaa, jambo la kwanza unalotaka ni kuona. Lakini ipigie hesabu. Mwendo wako 15, wa gari 50. Ukienda nalo upande mmoja linakukaribia kwa kilomita 35 kwa saa. Ukielekeana nalo, kwa 65. Dereva ana karibu nusu ya muda wa kukuona na kuamua. Baya zaidi, hawezi kusubiri nyuma yako. Mkielekeana na njia ikawa nyembamba, mmoja lazima atoke barabarani, na sote tunajua ni nani. Kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani kinakupa kile unachokitafuta kule kulia.

Usiku mambo yote haya hayana maana bila taa. Riflekta nyekundu nyuma hung'aa tu pale taa za gari zinapoifikia. Taa inayowaka yenyewe humwambia dereva mapema kwamba kuna mtu mbele.

Sheria ya mita

Nilipojifunza gari, mwalimu alituambia "acha nafasi ya kutosha" na akaendelea na somo. Kutosha kwa nani? Ndilo swali la kijana wangu wa Coaster tena. Nchi nyingine zimeamua kulijibu kwa namba. Jimbo la Wisconsin, Marekani, liliandika futi 3 kwenye sheria tangu mwaka 1973. Ufaransa inataka mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Ujerumani tangu 2020 inataka 1.5 mjini na 2 nje. Uingereza inasema angalau 1.5, na zaidi mwendo ukiwa mkubwa. Jimbo la Queensland, Australia, lilianza kwa majaribio mwaka 2014: mita 1 penye kikomo cha 60 kushuka chini, na 1.5 juu ya hapo.

Namba pekee haimlindi mtu, maana hakuna trafiki atakayesimama na rula barabarani. Kilichonivutia ni walichofanya polisi wa West Midlands, Uingereza, kuanzia 2016. Askari aliyevaa kiraia alipanda baiskeli yenye kamera. Dereva aliyempita karibu alisimamishwa na wenzake mbele kidogo, na wengi hawakupelekwa mahakamani. Walipewa nafasi ya kuoneshwa, kwenye mkeka mkubwa uliochorwa barabara, baiskeli na gari, jinsi mita 1.5 inavyoonekana. Ni mambo ya dakika 15. Mkeka ule na chaki yetu ni kitu kimoja, na chaki haina gharama. Ningependa kuona trafiki wetu, ambao tayari huja vituoni wiki ya usalama barabarani, wakichora mistari hiyo kwenye kila stendi ya daladala, makondakta wakiwa mbele.

Njia za baiskeli zikijengwa na kulindwa zinalimaliza tatizo kwenye barabara kubwa. Dar es Salaam tulizipata kando ya barabara ya Morogoro pamoja na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016, na mahali zilipo wazi utamu wake hauelezeki. Mahali zilipojaa meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa, mwenye baiskeli anarudi kwa magari. Barabara za mitaani kama yetu ya Goba hazitapata njia hizo kesho, kwa hiyo kwetu swali linabaki kati ya watu wawili na lami ya mita 3 na kidogo.

Jumapili ile tulipomaliza kupima, dereva aliniomba baiskeli. Alisema hajaendesha tangu akiwa shule ya msingi. Tukakubaliana: yeye ataendesha kwenye mstari wa chaki, mwenzake atapitisha Coaster kando yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, mita 1 kamili, kondakta akitembea mbele na tepu mkononi kuhakikisha. Alianza vizuri. Gari lilipomfikia usawa wa goti, usukani ulianza kumchezea. Lilipofika begani alikanyaga chini kwa mguu wa kushoto na kusimama, macho yakiwa kwenye tairi la mbele la Coaster, ambalo lilikuwa linamfika kiunoni.

Akamwita kondakta. "Hebu pima tena hiyo."

Kondakta akainama, akavuta tepu kutoka kwenye usukani mpaka kwenye bodi. "Mita moja, bosi."

Dereva hakusema kitu. Akachukua chaki, akachora mstari mwingine, mbali zaidi na ule wa kwanza.